Mwimbeni Pamoja na Mundu Wake

Wajukuu zangu,

Maneno ya wimbo mnaouandaa kwa ajili ya Mei Mosi yamenifikia, nami nimeyasoma zaidi ya mara moja, mara ya mwisho kwa sauti. Vina vimekaa. Mizani haijapinda. Lakini mfanyakazi mnayemwimbia sikumwona. Katika ubeti wa kwanza ni uti wa mgongo wa taifa, katika wa pili ni nguzo, katika wa tatu ni shujaa, na kuanzia wa nne wimbo umehamia kwa mgeni rasmi wala haurudi tena. Huyo mtu anaamka saa ngapi? Mikono yake inashika nini? Mwisho wa mwezi anapewa shilingi ngapi, na nani humpunja? Wimbo haujui, wala haujauliza.

Mliniomba niwarekebishie. Sitawarekebishia. Nitawasimulia habari za waimbaji wa nchi nyingine, kisha mtaamua wenyewe cha kufanya na beti zenu.

Waimbaji hao ni Wareno. Najua kwetu huku kusini jina la Mreno halipokelewi kwa vigelegele. Bibi zenu waliwapokea watu waliovuka Ruvuma na mafurushi kichwani baada ya vita vya ukombozi wa Msumbiji kuanza Septemba 1964, wakasimuliwa mauaji ya Mueda ya Juni 1960 na watu waliozika ndugu zao. Siandiki ili kumtakasa mtawala yule. Lakini serikali hiyo hiyo ya Salazar, mtawala wa Ureno wa wakati huo, iliyomkandamiza Mmakonde ilikuwa na maskini wake nyumbani: wavunaji, wachungaji, wachimba madini, wavuvi. Vijana wa maskini hao ndio waliokusanywa, wakapewa bunduki na kupakiwa melini kuja Msumbiji na Angola. Hawa ninaotaka muwasikilize ni baba na mama zao.

Kusini mwa mto Tejo kuna mkoa uitwao Alentejo. Ni nchi ya tambarare yenye kiangazi kikali, mashamba ya ngano, mizeituni, na mialoni ambayo gome lake huvuliwa kila baada ya miaka tisa kutengenezewa vizibo vya chupa. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita ardhi hiyo ilikuwa mikononi mwa mabwana wachache, na umati uliobaki ulikuwa wa vibarua. Walisimama katika uwanja wa kijiji wakisubiri wanyapara wapite kuchagua nani wa kuajiriwa na kwa ujira gani. Aliyeachwa alirudi kwake mikono mitupu. Aliyechaguliwa alifanya kazi tangu jua linapochomoza hadi linapozama, na mchana wa Juni kule una karibu saa 15. Mvua za baridi zikinyesha hakukuwa na kazi, na pasipo kazi hakukuwa na mkate. Kazi hiyo ya kutwa nzima iliendelea hadi Mei 1962, vibarua walipogoma kwa maelfu, ndipo wakakubaliwa siku ya kazi ya saa 8.

Watu hao wana uimbaji wao, huitwa cante. Hakuna ngoma, hakuna gitaa, hakuna makofi. Mtu mmoja, wanayemwita ponto, anaanzisha peke yake, sauti ya chini, bila haraka. Akimaliza sehemu yake, wa pili, aitwaye alto, anaupokea wimbo kwa sauti ya juu kidogo na kuupamba, na kabla hajafika mbali kundi zima linaingia chini yake. Wanaimba wamesimama mabega yakigusana, au wakitembea kwa hatua fupi, wameshikana mikono. Nami nimezijua nyimbo hizi kwanza kwa santuri alizoniachia mwalimu mwenzangu kutoka Msumbiji, na siku hizi ninyi wenyewe mnanitafutia kwenye simu, halafu mnaondoka kabla wimbo haujafika nusu.

Mnaondoka kwa sababu ni wa polepole mno. Aliyezoea singeli atadhani simu imekwama. Lakini mtu aliyeinama na mundu tangu alfajiri hana mbio zozote jioni, na wimbo wake haumwongopei. Vumilieni mpaka mwisho mara moja tu. Mtasikia kwamba sauti haikatiki hata waimbaji wanapovuta pumzi, kwa maana hawavuti wote kwa pamoja: huyu akipumua, jirani yake amembebea. Mimi nadhani heshima kubwa ya cante iko hapo, kuliko hata katika maneno. Hakuna anayeachwa asimame peke yake kwa muda mrefu, hata yule mwenye sauti nzuri kuliko wote.

Na maneno yenyewe? Ni ya vitu vilivyo karibu: ngano iliyoiva, ndege wa shambani, mama aliyebaki kijijini, mchumba, njia ya kurudi nyumbani, jina la kijiji. Yumo mwanamke anayepalilia, yumo mchungaji na kondoo wake. Sijasikia humo mtu akiitwa nguzo ya taifa. Katika vilabu walikokaa jioni na mvinyo wao, yeyote aliyekuwa na wimbo kifuani aliweza kuuanzisha, awe mpura ngano au fundi viatu. Wachimba madini wa Aljustrel walijiundia kikundi chao mwaka 1926, na watu wa Serpa wakafuata 1928. Wanawake waliimba mashambani miaka yote hiyo, ingawa vikundi rasmi vilikaa muda mrefu vikiwa vya wanaume, jambo ambalo hata ninyi mnapaswa kulitazama katika kwaya yenu, maana naona waanzilishi wenu wote ni wavulana. Novemba 2014 UNESCO iliuandika uimbaji huu katika orodha ya urithi wa binadamu. Vizuri. Lakini vibarua wale hawakungoja UNESCO ili wajue kwamba wimbo wao una thamani.

Ureno si Alentejo peke yake. Kaskazini mashariki, katika milima ya Trás-os-Montes, wavunaji waliimba hadithi ndefu za kale, za wafalme na mabinti waliotekwa, na kila hadithi ilikuwa na saa yake: hii ya asubuhi, hii ya baada ya chakula, ile ya jua kushuka. Fikirini mtu asiye na saa mkononi, anayejua kwa wimbo kwamba amebakiza mistari mingapi ya kufyeka. Hapo ndipo ninapotaka mkae kidogo. Hadithi ni ya binti mfalme, na maneno hayamtaji mvunaji hata mara moja, lakini wimbo umegawanywa kwa kufuata mgongo wake. Kumheshimu mtu wa kazi si lazima kumtaja. Unaweza kumheshimu kwa kuujua mwendo wa siku yake.

Bondeni kwa mto Douro, wakamua zabibu huingia katika mabirika ya mawe, zabibu zikiwafika mapajani, wakashikana mabega kwa safu. Mwanzoni ni hatua tu, kushoto na kulia, kwa amri ya anayehesabu, maana zabibu bado ngumu na miguu inauma. Baadaye ndipo wanapoachiliwa, kinanda cha mkono kinaingia na watu wanacheza ndani ya zabibu. Mwenye kuandika wimbo wa kazi ile akianza na kinanda ameruka sehemu iliyo ngumu. Kule pwani ya Algarve wavuvi walikuwa na wimbo wa kuvuta nyavu, wenye kiitikio kifupi kinachoanguka pale pale mikono inapovuta. Na katika Beira Baixa, upande wa mpaka na Hispania, wanawake hupiga dufu la pembe nne liitwalo adufe, kwa mikono miwili, wakiimba za mizeituni na za watakatifu kwa mpigo mmoja.

Nyimbo za fado nazitaja kwa kupita tu, kwa kuwa mnazijua. Ni za mjini, za Lisbon, na zina sifa zake za kutosha duniani. Ila kumbukeni Amália Rodrigues aliuza matunda bandarini kabla ya kuvaa shela jeusi jukwaani, na kwamba Alfredo Duarte, mmoja wa wakongwe wa fado, alikuwa seremala wa samani, na hadi leo anajulikana kwa jina la kazi yake, Marceneiro. Hakulificha randa lake alipopata umaarufu.

Sasa niwaambie habari ya upande wa pili, kwa sababu wimbo wenu, nasema kwa mapenzi, umeanza kuelekea huko.

Salazar naye alizipenda nyimbo za wakulima. Mwaka 1933 serikali yake iliunda ofisi ya propaganda chini ya António Ferro, na mwaka 1938 ofisi hiyo ikaandaa shindano la kutafuta kijiji chenye Ureno zaidi kuliko vyote nchini. Kilichoshinda ni Monsanto, kijiji cha mawe juu ya kilima huko huko Beira Baixa, na zawadi ilikuwa jogoo wa fedha. Vikundi vya ngoma za asili vikavalishwa mavazi mapya yaliyonyooshwa, vikapangwa majukwaani. Mkulima akaonyeshwa akitabasamu, ameridhika na umaskini wake, anamshukuru Mungu na serikali. Nyimbo zilikuwa nzuri, sitabisha. Kilichotolewa ndani yake ni ujira, njaa, na nyapara. Na ukishaviondoa hivyo, mtu wa kazi anabaki pambo la sherehe ya mtu mwingine.

Ndiyo sababu nawapenda wale wawili waliokwenda kinyume. Mmoja alikuwa Fernando Lopes-Graça, mtunzi wa muziki aliyezaliwa Tomar mwaka 1906, aliyefungwa na serikali na kunyimwa kufundisha kwa sababu ya siasa zake. Mwingine hakuwa Mreno hata kidogo: Michel Giacometti, mzaliwa wa kisiwa cha Corsica, aliyefika Ureno mwaka 1959 akabeba kinasa sauti kijiji hadi kijiji. Kati ya 1960 na 1970 walitoa pamoja santuri tano, mkoa baada ya mkoa. Kuanzia 1970 Giacometti alitengeneza pia vipindi vya televisheni, akiwanasa watu pale pale wanapofanya kazi: wanaolima, wanaopura, wanaovuta nyavu. Sauti zimekwaruza. Mbwa anabweka. Mwimbaji anakatiza kidogo ampigie kelele ng'ombe wake, kisha anaendelea. Lopes-Graça alishikilia kwamba nyimbo zile za vijijini zilizochafuka udongo ndizo za kweli, na kwamba zile za jukwaani zilikuwa ghushi. Huenda alizidisha kidogo, kwa maana hata mkulima hupenda kuvaa nguo safi siku ya kuimba. Lakini kwa wakati wake alikuwa na haki ya kuzidisha.

Giacometti hakuishia kwenye sauti. Baada ya mapinduzi ya Aprili 1974 yaliyouangusha utawala huo, kiangazi cha 1975, wanafunzi walitumwa vijijini, na kwa uongozi wake wakakusanya zana: majembe, mundu, vyombo vya kupuria, nira, vitu ambavyo matrekta yalikuwa yanavifanya kuni. Leo zana hizo zimo katika jumba la makumbusho ya kazi mjini Setúbal, lenye jina lake, ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha samaki wa makopo. Alielewa kwamba wimbo wa kupura bila chombo cha kupuria unakuwa kitendawili. Alipofariki mwaka 1990 alizikwa Peroguarda, kijiji kidogo cha Alentejo, kati ya watu aliowanasa sauti.

Kuna mambo ambayo hayaimbiki kwa kupamba. Tarehe 19 Mei 1954, karibu na kijiji cha Baleizão, kundi la wanawake wavunaji lilikwenda kudai nyongeza ya ujira. Mbele yao alikuwa Catarina Eufémia, umri miaka 26, mama wa watoto watatu. Ofisa wa kikosi cha ulinzi, luteni, alimpiga risasi akafa. Magazeti yalikuwa chini ya wachunguzi wa serikali. Habari yake ilitembea kwa midomo ya watu, na mashairi yakafuata, na mwaka 1971 José Afonso, ambaye Wareno wote humwita Zeca, akauimba katika santuri yake wimbo juu ya mwanamke huyo. Angalieni alivyofanya mtunzi: ametaja jina lake na ametaja nchi yake. Hakusema "mama wa taifa." Alisema Catarina, na Alentejo. Mtu aliyeuawa kwa sababu ya senti chache za ujira anastahili angalau jina lake liandikwe sawasawa.

Huyu Zeca tuna undugu naye wa kando. Sehemu ya utoto wake ilipita Angola na Msumbiji, na kati ya 1964 na 1967 alikuwa mwalimu Lourenço Marques, ambayo ni Maputo ya leo, na Beira. Aliuona ukoloni kwa macho yake na hakuupenda. Aliporudi Ureno alifukuzwa ualimu wa serikali, na mwaka 1973 akawekwa ndani.

Mei 1964, kabla hajaja Afrika kufundisha, alialikwa kuimba katika mji wa Grândola, Alentejo, kwenye chama cha muziki cha wafanyakazi, chenye jina la undugu wa wafanyakazi wa mji huo. Ukumbi wa kawaida, watu wa kawaida, maktaba ndogo, bendi yao. Walichokijenga kwa michango yao kilimgusa, akawatungia wimbo. Mwaka 1971 aliurekodi Ufaransa, katika studio iliyokuwa ndani ya kasri la Hérouville, akiwa na José Mário Branco aliyepanga muziki. Hawakuweka ala. Waliimba kwa mtindo wa cante, mmoja anaanzisha na wengine wanapokea, na chini yake wakaweka sauti ya hatua zao wenyewe: wanaume wanne wakitembea usiku juu ya kokoto, wameshikana. Hatua za watu wanaorudi kutoka kazini, ndani ya santuri. Mimi ningeacha vina vyangu vyote ili nipate hatua zile.

Wachunguzi walikuwa wamezipiga marufuku nyimbo zake kadhaa, huu ukapita. Na usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 1974, saa 6:20 usiku, Rádio Renascença, redio ya Kanisa Katoliki, iliupiga. Ubeti wa kwanza ulisomwa kwanza na Leite de Vasconcelos, mtangazaji aliyekulia Msumbiji. Kwa maofisa vijana wa jeshi waliokuwa wakisubiri kambini, ilikuwa ishara ya kutoka na vifaru. Kufikia jioni utawala wa karibu nusu karne ulikuwa umeanguka. Tusidanganyane: wimbo haukuuangusha. Walioangusha ni askari waliochoshwa na vita vya Afrika, na aliyewachosha ni mpiganaji wa Angola, wa Guinea, na wa Msumbiji, huyu wa mwisho akiwa na kambi zake Kongwa na Nachingwea na sauti yake ikirushwa kutoka Dar es Salaam. Septemba 1974 mkataba ukatiwa saini Lusaka, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Lakini walipotafuta wimbo wa kuamshana usiku ule, maofisa hawakuchukua wimbo wa jeshi. Walichukua wimbo uliotungiwa chama cha vibarua na mafundi wa mji mdogo, wenye mwendo wa miguu yao.

Leo mashamba ya Alentejo yamebadilika. Bwawa la Alqueva limeleta maji, mizeituni imepandwa kwa safu zilizobanana na huvunwa kwa mashine, na kule Odemira kuna nyumba za plastiki za matunda madogo ambamo wanaochuma wengi wametoka Nepal, India na Bangladesh. Wanalala wengi chumba kimoja. Ningependa kusikia ni nani atawaanzishia wimbo hao, na kwa lugha gani.

Ninyi kazi yenu iko karibu zaidi. Wapo akina mama wabanguaji korosho, hatua chache tu kutoka mnapofanyia mazoezi. Jumamosi nendeni, wawili au watatu, msijae. Ombeni ruhusa kwanza, mmwamkie kila mmoja, na mkae chini wanapokaa wao. Ulizeni mafuta ya ganda yanaunguza vipi vidole na wanajipaka nini. Ulizeni wanalipwa kwa kilo ngapi, na kilo hiyo inapimwa na nani. Sikilizeni kama nyundo zao zina mpigo, na kama wanaimba, wanaimba nini. Kama hawaimbi, ulizeni kwa nini. Msiwape maneno yenu wayaimbe. Naseni sauti kwenye simu ikiwa wameridhia, na kama hawakuridhia, wekeni simu mfukoni.

Kisha njooni kwangu na ubeti mmoja tu, wenye kilo, na nyundo, na jina la mtu aliyekubali kutajwa. Mwanzilishi awe Zuhura. Sauti anayo, na mama yake amebangua miaka mingi.